Bajeti imepita, je nikope ninunue mbao?

Safu hii hujibiwa na afisa ugavi mstaafu, aliyefanya kazi miaka 29 kwenye halmashauri za Kilimanjaro na Arusha.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ya useremala hapa Majengo, Moshi. Nina mafundi wanne na mashine mbili, ya kuranda na ya kukata. Nilijisajili NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni za mtandaoni, mwaka jana na nimeshinda mara moja tu, meza nane za ofisi. Sasa kuna zabuni ya madawati 150 ya shule za msingi. Nimepiga hesabu, dawati moja ni shilingi 120,000, jumla milioni 18. Jirani yangu ananiambia bajeti ya mwaka huu ni trilioni 56 na Serikali itanunua mpaka tuchoke, kwa hiyo nikope milioni 10 nichukue mbao sasa kabla hazijapanda. Mume wangu anasema wanaoiuzia Serikali wanakufa na madai yao mkononi. Nimsikilize nani? (Mama fundi, Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba, mama. Tarakimu za jirani yako ni za kweli. Bajeti ya 2025/26, iliyosomwa bungeni Juni 2025, ni shilingi trilioni 56.49, na ya mwaka uliotangulia ilikuwa trilioni 49.35. Lakini ndani ya trilioni hizo mna mishahara ya watumishi, pensheni na malipo ya deni la Taifa, na hakuna hata senti moja ya hayo inayonunua dawati. Kinachobaki kimegawanywa wizara kwa wizara, mkoa kwa mkoa, halmashauri kwa halmashauri, hadi kwenye kasma, yaani fungu la matumizi ya kitu kimoja. Kwako wewe bajeti ni kasma moja: ya madawati, ya halmashauri ile, mwaka huu. Jirani yako anaangalia mlima, nawe unatakiwa uangalie mfereji unaopita shambani kwako.

Kwa hiyo kabla ya kufika kwa mkopeshaji, fungua NeST uangalie mambo mawili. La kwanza, je, madawati hayo yamo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka wa halmashauri hiyo? Kila taasisi inatakiwa kuweka mpango wake humo, na zabuni hutoka kwenye mpango. Ukisoma mipango ya halmashauri tatu nne za jirani, Moshi Manispaa, Moshi Vijijini, Hai, Siha, utajua nani anataka samani na robo ipi ya mwaka anazitaka. Huo ndio utabiri wa soko ninaouamini, na hauuzwi na mtu. Nimewaona wafanyabiashara wanaolipia semina za fursa wakati mpango uko wazi kwenye simu zao.

La pili ndilo zito: chanzo cha fedha. Kwenye nyaraka za zabuni huwa kimeandikwa, na wengi wanakiruka kwenda kwenye jedwali la bei. Kikiandikwa mapato ya ndani, maana yake utalipwa kutokana na ushuru wa masoko, leseni, stendi na tozo nyingine za halmashauri yenyewe. Hapo uliza makusanyo yao yakoje. Moshi ni mji mdogo, watu wanajua. Kikiandikwa ruzuku kutoka Serikali Kuu, fedha inategemea Hazina imeachia kiasi gani na lini, na mkurugenzi hata akikupenda vipi hawezi kukulipa kwa fedha ambayo haijaingia. Kikiwa ni mradi wenye ufadhili, kama BOOST kwa shule za msingi au SEQUIP kwa sekondari, fedha mara nyingi huwa imeshatengwa kwa kazi hiyo, ila mradi una mwisho wake, na ukichelewa kukabidhi unaweza kukuta akaunti imefungwa.

Nikisema kwa uzoefu wangu tu, taasisi zinazokusanya fedha zao wenyewe hulipa kwa mwendo ulio sawa zaidi. Fikiria mamlaka za maji, MUWSA hapo kwenu na AUWSA huku Arusha. Fikiria vyuo, kama Chuo Kikuu cha Ushirika au Chuo cha Uhasibu pale Njiro. Nao wananunua meza, viti, makabati na milango. Fundi wa Majengo anayesubiri madawati ya halmashauri peke yake anaacha nusu ya soko lake.

Sasa kalenda. Mwaka wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Julai na Agosti huwa kimya, mifumo inafunguliwa, mipango inaingizwa, wahasibu bado wanafunga hesabu za mwaka uliopita. Kuanzia Septemba au Oktoba ndipo zabuni zinatoka kwa wingi. Kwa samani za shule kuna joto la pekee Novemba na Desemba, kwa sababu Januari watoto wanaingia na kila mkuu wa wilaya anaulizwa wangapi wanakaa chini. Kisha Aprili hadi Juni kila ofisi inakimbia kumaliza fedha kabla mwaka haujafungwa. Hapo ndipo wazabuni wengi huumia, nami nimeshiriki katika kuumia kwa mmoja wao. Naomba nikusimulie.

Ilikuwa zamani, kabla ya mifumo hii, wakati bei zilikusanywa kwa bahasha tatu kutoka maduka matatu. Halmashauri niliyokuwa nayo ilikuwa na fedha za madawati zilizobaki, na siku zilikuwa zimeisha. Nilimpigia simu fundi mmoja tuliyemzoea, mtu mwaminifu, nikamwambia alete madawati 60 haraka, LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza mzigo, ingefuata. Aliyaleta kwa Fuso Juni 27, baridi ile ya Moshi ya mwezi wa sita, vanishi bado ikinata kwenye vidole. Mwalimu mkuu akapokea, akasaini kwenye karatasi ya daftari. LPO haikutoka. Mhasibu alisema mwaka umefungwa, na fedha ile haikurudi Julai.

Fundi yule alikuja ofisini kila Jumatatu na faili la plastiki la bluu. Ndani yake mlikuwa na karatasi ile ya daftari na hesabu yake ya mbao, basi. Alikaa kwenye benchi la nje ya uhasibu na hakupandisha sauti hata siku moja. Mwaka wa pili ilipokuja timu ya kuhakiki madeni waliuliza swali moja: LPO iko wapi? Watoto walikuwa wanakalia madawati yale, yanaonekana kwa macho, lakini deni halikutambulika. Alikuja kulipwa nusu mwaka wa tatu, baada ya barua nyingi, na wakati huo randa yake ilikuwa imeshauzwa. Mpaka leo nikipita karibu na shule ile siangalii dirishani.

Ndiyo maana nakuambia, mama, kwa uzito wote: usitoe mzigo bila LPO au mkataba. Mtu akikupigia simu, awe mtumishi unayemheshimu vipi, akisema karatasi zinafuata, mwambie mbao zako nazo zinafuata. Hiyo LPO isome. Iwe na namba kutoka kwenye mfumo, kifungu cha fedha, idadi, vipimo, mahali pa kupeleka na tarehe ya mwisho. Ukikabidhi, hakikisha kamati ya ukaguzi na mapokezi imekagua na kusaini siku hiyo hiyo, majina yaandikwe kamili, na nakala ibaki kwako. Peleka ankara na risiti ya EFD wiki hiyo hiyo. Madai yasiyo na karatasi ya mapokezi huwekwa chini ya rundo, nami nimekaa upande ule wa meza, najua rundo linavyopangwa.

Sasa mkopo wako. Umesema dawati 120,000. Tuseme kila moja linakubakizia faida ya 15,000 baada ya mbao, vyuma, rangi na mafundi. Kwa madawati 150 hiyo ni 2,250,000. Mlipaji wa Serikali atakata kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye bidhaa, yaani 360,000. Hiyo haijapotea, dai hati ya makato, utaitumia TRA kupunguza kodi yako ya mwaka, lakini siku ya malipo huna mkononi. Unabaki na 1,890,000. Mkopo wa milioni 10 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi ni 300,000 kila mwezi. Ukilipwa baada ya miezi miwili umebaki na 1,290,000, umefanya kazi nzuri. Ukilipwa baada ya mitano, umebaki na 390,000. Baada ya sita, 90,000 kwa madawati 150. Mwezi wa saba unafanya kazi ya mkopeshaji.

Mume wako na jirani yako kila mmoja amekamata upande mmoja wa jambo hili. Kinachoamua ni mwezi wa malipo, na mwezi huo unatokana na chanzo cha fedha nilichokueleza. Kabla zabuni haijafungwa, tumia sehemu ya kuomba ufafanuzi ndani ya NeST, uulize: je, mzigo unaweza kukabidhiwa kwa awamu na kulipwa kwa awamu? Madawati 50, unalipwa, 50 mengine. Wakikubali, mtaji wako unazunguka mara tatu na mkopo unakuwa mdogo. Wakikataa, ongeza gharama ya kusubiri kwenye bei yako. Watu wanaogopa kuongeza kwa sababu wanadhani mwenye bei ya chini daima anashinda. Lakini bei isiyobeba miezi minne ya kusubiri ni zawadi kwa halmashauri, na wewe huna cha kuzawadia.

Na mbao usinunue mapema kwa zabuni ambayo hujashinda. Subiri LPO, kisha nenda nayo benki. Benki kubwa zina mikopo ya LPO, na riba yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya mkopeshaji wa mtaani. Ongea pia na muuza mbao wako. Mbao zinazotoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai zinafika hapo Moshi kila wiki, hakuna sababu ya kurundika.

Neno moja la tahadhari: ukijaza zabuni unasaini tamko la dhamana ya zabuni. Ukishinda kisha ukakataa kazi kwa sababu mtaji umekushinda, unaweza kufungiwa kushiriki. Kama kwa mafundi wanne huwezi kutoa madawati 150 ndani ya muda, acha hii, tafuta ndogo, hata ya 40.

SWALI: Mzee, sisi ni vijana saba wa Sakina, Arusha, tunashona sare na mapazia. Tunasikia asilimia 30 ya manunuzi ya Serikali ni ya vijana na wanawake. Tumeuliza halmashauri mara mbili, tunaambiwa tu "subirini fursa". Ipo kweli au ni maneno ya jukwaani? (Katibu wa kikundi, Sakina)

JIBU: Ipo, vijana wangu, na imo kwenye sheria. Takwa la kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi kwa makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, liliingia kwa marekebisho ya 2016, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imelibeba. Inaniuma mnapoambiwa subirini, kwa sababu hiyo si hisani ya afisa. Lakini nawaambia pia ukweli wa upande wa pili wa meza: afisa ununuzi hana namna ya kuwapa kazi kama hamuonekani kwenye mfumo kama kikundi maalum. Nimeshuhudia kikundi kikija na katiba iliyochapwa vizuri, muhuri na picha za mafundi wakishona, lakini hakina TIN wala akaunti ya benki.

Kwa hiyo anzeni na afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Yeye ndiye mlango wa kikundi kutambuliwa, na bila utambulisho huo NeST itawasoma kama kampuni ya kawaida na kuwashindanisha na wenye viwanda. Mkishatambuliwa, jisajilini NeST mkichagua aina ya bidhaa mnayoweza kweli, ushonaji, msijaze kila kitu kuanzia kokoto hadi kompyuta. Kisha msiulize tena "kuna fursa?" Ulizeni hivi: kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka huu, zabuni zipi zimetengwa kwa makundi maalum, na ya sare au mapazia ni ya robo ipi? Swali la namna hiyo lina jibu, na anayeulizwa anajua kuwa mnasoma. Mkizidi kuzungushwa, PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini, waandikieni.

Kwa Arusha msiishie ofisi za jiji. Hospitali ya Mount Meru inahitaji mashuka na mapazia. Vyuo vina mabweni. TANAPA makao makuu yake yako hapa hapa, na askari wanavaa sare. Uwanja wa mpira unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027 ni kazi ya mkandarasi mkubwa, na vijana wengi wananiuliza wataingiaje. Njia ya kikundi kama chenu ni kumuuzia mkandarasi moja kwa moja, ovaroli na vizibao vya kuakisi mwanga, na hapo hakuna NeST, kuna mapatano yenu na yeye. Andikianeni.

Mtaji: ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na ikarudi mwaka wa fedha 2024/25. Haina riba. Kikundi chenye LPO ya mashuka mkononi kina hoja nzito kuliko kikundi chenye wazo, kwa hiyo ombeni mkiwa na kazi au mkiwa mmeshaonyesha zabuni mnayoilenga. Na mmoja wenu, ikiwezekana yule asiyependa kuongea, apewe kazi ya kufungua NeST kila asubuhi. Zabuni ndogo za kushindanisha bei hufungwa baada ya siku chache, na vikundi vingi hupitwa kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameangalia.

SWALI: Nina duka la vifaa vya ofisi karibu na Mnara wa Saa. Nimeshindwa zabuni ya karatasi na wino wa printa ilhali bei yangu ilikuwa chini ya mshindi. Nimeambiwa nisilalamike, nitanyimwa kazi zote. Nifanyeje? (Muuza karatasi, Arusha)

JIBU: Kwanza soma notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani anakusudiwa kupewa zabuni, uliyotumiwa kwenye mfumo. Inatakiwa kukuambia kwa nini hukuchaguliwa. Mara nyingi sababu iko pale: leseni iliyoisha muda, wino usio wa aina iliyoombwa, fomu moja ambayo haikusainiwa. Wino ndio mtego mkubwa. Ukiandika "wino wa printa" bila namba ya katriji iliyotajwa, mtathmini hana ruhusa ya kukukisia.

Kama sababu haipo, au haiendani na nyaraka, una haki ya kulalamika kwa afisa masuuli wa taasisi, yaani mkuu wake anayewajibika kwa fedha, na usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Muda wake ni siku chache za kazi, zimetajwa kwenye notisi yenyewe, na zikipita mlango umefungwa hata kama haki ilikuwa yako yote. Andika leo. Taja kipengele cha nyaraka, taja ulichowasilisha, usimtuhumu mtu kwa jina. Kuhusu kunyimwa kazi, nimepokea malalamiko ya wazabuni kwa miaka mingi. Walioandika kwa hoja tuliwaogopa kidogo na kuwaheshimu sana, na zabuni zao zilizofuata tulizisoma kwa makini kuliko za wengine.

Umeongeza kwa chini kuuliza kama zabuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo ziko NeST, kwa kuwa makao yake yako hapa Arusha. Haziko. Jumuiya ina utaratibu wake wa ununuzi na hutangaza zabuni zake yenyewe, kwa Kiingereza, na kampuni za nchi wanachama zinashindana nawe. Karatasi na wino wanatumia kama ofisi nyingine yoyote, kwa hiyo ulizia kwao namna ya kuingia kwenye orodha ya wauzaji.